Msimu wa Mwisho wa Delphine Mayhew

Delphine Mayhew alikuja kwetu, katika mji mdogo wa Wajerumani, kutoka Dayton, Ohio, akiwa na miaka ishirini na tisa na Kijerumani cha kuimbia tu. Aliweza kulilia mapenzi mbele ya watu mia sita, lakini hakuweza kuagiza nusu kilo ya nyama ya kusaga.

Mimi hukaa ndani ya kisanduku kilichofichwa mbele ya jukwaa la opera, nikiwanong'oneza waimbaji maneno wanapoyasahau. Delphine hakunihitaji mara nyingi.

Siku ya onyesho lake la kwanza, Gudrun, mama anayewavisha waimbaji, alimfunga gauni, kisha akatema mate ya uongo mara tatu juu ya bega lake la kushoto. Ndiyo kinga yetu dhidi ya mkosi jukwaani.

"Asante," Delphine akasema.

Korido nzima iliguna.

"We mtoto! Hapa hakuna asante!" Gudrun akafoka. "Ukishukuru umeiharibu. Haya, kaone mwenyewe!"

Katika sehemu ya pili sauti ilimpasuka. Tangu siku hiyo, kila alipotemewa aliitikia kwa kichwa tu, akaenda zake.

Aliimba kila alichopangiwa: malkia, vijakazi, mchawi katika opera ya watoto wakati wa Krismasi. Siku mama yake alipozikwa Dayton, yeye alikuwa bibi harusi jukwaani, kwa kuwa hakukuwa na wa kushika nafasi yake. Baadaye alikodi bustani ndogo nyuma ya reli, akapanda mti wa plamu. Mwuza mikate alimwita "soprano wetu".

Lakini waimbaji wa huku wote wanaujua mwaka wa kumi na tano. Ukiufikisha katika jumba moja la opera, huachishwi tena. Kwa hiyo wakurugenzi huwahi kumwita mwimbaji na kumpa taarifa ya kuachishwa, msimu mmoja kabla. Msimu wa kumi na tatu ulipokaribia kwisha, Gudrun alimwambia, "Likizo ikianza hujaitwa, mwanangu, utazeeka na sisi."

"Sitaki kingine, Mama Gudrun. Dayton sina mtu."

Zikiwa zimebaki siku tatu likizo ianze, aliitwa.

"Sauti yako haina kasoro, Bi Mayhew," mkurugenzi alisema.

"Kasoro iko kwenye kalenda, siyo?"

Mkurugenzi alifuta miwani yake. Alimpa msimu mmoja wa kumalizia.

Mwaka mzima Delphine aliimba akijua. Alituma maombi kwenye majumba tisa; yote yalitaka vijana. Plamu zilipoiva aligawa zote, hata za jamu hakubakiza.

Jioni ya mwisho nilikuwa napita koridoni kwenda kwenye kisanduku changu. Gudrun alimfunga Delphine kifungo cha juu cha gauni, akatema mara tatu.

Delphine aligeuka, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, Mama Gudrun."

Nikasubiri afokewe. Gudrun alichukua gauni jingine lililokuwa limetundikwa tayari, akaanza kulitundika upya.