Nishikie Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa zamu alitusimamisha nje ya mlango, maana ndani asingesikika. "Humu mdomo ni wa kulia chakula tu," alisema. "Kazi inasemwa kwa mkono." Nilidhani anatutania. Alipofungua, kelele za mashine za kufumia zilinipiga mpaka kifuani.

Nilianzia chumba cha kusokota uzi, kisha nikahamishiwa kufuma, na huko ndiko nilikozeekea. Nyuzi za urefu tuliziita mtande, za kukatiza mshindio. Uzi ukikatika, uliuunga upesi, kwani mkuu wa idara hakupenda kuona mashine imesimama. Hata haja ndogo kwake haikuwa sababu. Ndiyo maana kila mfumaji alikuwa na jirani wa kumshikia mashine. Wangu alikuwa Bi Mwanahawa wa Temeke, mcheshi kupindukia, aliyewasengenya wakubwa kwa ishara mbele ya macho yao.

Kiwanda kilipofungwa tulitawanyika, na lugha ile ya mikono ikanitoka. Wajukuu wakiniomba niwaonyeshe, sikukumbuka hata ishara moja.

Mwaka huu nikasikia Bi Mwanahawa amepooza, yuko Chamazi kwa bintiye. Nilimkuta kauli imekatika, amebakiwa na mkono mmoja tu unaonyanyuka. Alinitazama, akagusa bega lake kwa vidole viwili, akapindua kiganja. Akarudia tena na tena.

"Ndivyo anavyofanyaga, mama," binti alisema. "Sie tunaona ni ugonjwa tu. Tunamvisha nepi, lakini kila tukimvisha analia."

Kabla sijafikiri, mkono wangu ulipanda wenyewe ukatua kifuani: nenda, nipo. Hapo ndipo maana ikanijia.

"Mwanangu, anaomba kwenda chooni," nilisema. "Ananiambia nimshikie mashine."

Binti aliziba mdomo kwa kanga. Tukamnyanyua mama yake huku na huku, tukampeleka taratibu.

Nimestaafu siku nyingi na mengi yamenitoka, majina ya wakubwa yakiwa ya kwanza, wala siyalilii. Ila siku ile nilikionea hasira kichwa changu, kilichoyaficha yale yote wakati mwenzangu anaaibika. Namshukuru Mungu kwa huu mkono.

Tulipomrudisha kitandani, Bi Mwanahawa alinyoosha vidole viwili akanigonga begani. Kiwandani maana yake ilikuwa: nimerudi, niachie mashine yangu.

Nikasogea, nikampisha.