Nyayo Zimeishia Wapi?

Vitabu vyangu vingi nimevinunua chini. Namaanisha chini kabisa, kwenye turubai la muuza mitumba karibu na soko la Musoma, kati ya mikanda na viatu vya watoto. Vingine vina mihuri ya maktaba za nchi ambazo sitafika. Muuzaji havisomi. Ananiuliza tu, "Fundi, kile cha juzi kilikuwaje?" Nami humjibu, "Si kibaya," nalipa, naondoka.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, mpaka siku moja nikagundua nimemaliza sura nzima bila kuifungua. Naishi Makoko, peke yangu, tangu mke wangu alipofariki. Nasoma alfajiri, kabla wateja wa Kiriba hawajaanza kupiga simu kwamba bustani zinakauka.

Kusoma peke yangu hakujawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni kumaliza. Ukimaliza kitabu unabaki na maneno mdomoni, na nyumba haina wa kuyapokea. Kwa miaka mingi nilikuwa na pa kuyapeleka: Butiama, kwa kaka yangu, kila Jumapili baada ya misa.

Kaka hasomi riwaya. Anasema herufi ni ndogo na watu wake ni wengi. Ujanani alikuwa mmoja wa vijana waliotoka mbio mwano ukipigwa, lile yowe la kutangaza kwamba ng'ombe wameibwa. Walifuata nyayo za mifugo kwenye umande na kwenye changarawe. Nyayo zikiingia kijiji cha wengine, hawakuvamia. Waliwaita wenyeji, wakawaonyesha, wakawakabidhi. Kuanzia hapo nyayo ni za wenyeji: ama waonyeshe zilipotokea upande wa pili, ama walipe ng'ombe.

Sheria hiyo kaka aliihamishia kwenye riwaya zangu. Nilikuwa nasimulia kitabu kizima kwa lugha ya nyumbani, naye anachuna ngozi ya muhogo kwa kisu. Nikifika mwisho anauliza swali lake lilelile: "Nyayo zimeishia wapi?"

Mwaka huu nilimpelekea kwanza riwaya ya mauaji katika mji wa theluji. Ilikuwa imejengwa vizuri. Hoteli moja, barabara moja iliyofungwa, wageni wachache wanaotazamana. Kumbe muuaji ni ndugu pacha wa mwenye hoteli, mtu ambaye hatujawahi kumwona mpaka sura ya pili kutoka mwisho.

"Alikuwa wapi siku zote hizo?" kaka akauliza.

"Chumba cha chini."

"Na hicho chumba ulikitaja?"

"Mwandishi hakukitaja."

"Basi huyo mwandishi ndiye mwizi. Amewapitisha ng'ombe mtoni, halafu anawaonyesha watu matope."

Nilikubaliana naye, na bado nakubali. Riwaya ya upelelezi ina deni moja tu kwa msomaji: mhalifu awe amepita mbele ya macho yake.

Ya pili hatukukubaliana. Ilikuwa ya Kiswahili, mpelelezi wa Dar es Salaam anayewinda wauza dawa za kulevya. Kiswahili chake kilikuwa safi na chepesi, lakini mpelelezi mwenyewe hali, halali, wala hachoki, na mbaya wake unamjua tangu ukurasa wa kwanza kwa miwani myeusi na pete tatu za dhahabu. Mimi niliiona nyepesi. Kaka alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Pete tatu! Wezi wetu walikuwaga hawana hata viatu. Huyo hata ng'ombe wangemkimbia." Akanirudisha tena kwenye sehemu ya kupigana ghalani, Jumapili mbili mfululizo. "Wewe unasomaga kama unakagua pampu," aliniambia. "Acha ivuje kidogo."

Ya tatu haikuwa ya upelelezi. Ilisimuliwa na nyumba za mtaa mmoja, kila sura nyumba yake, na watu unawaona kwa kupitia tu, mkono dirishani, kisigino mlangoni. Nusu ya kwanza niliipenda sana. Baadaye nikamwona mwandishi kama mtu aliyejifunza kutembea kwa mikono, na sasa anataka kwenda hivyo mpaka sokoni. Kaka alisinzia kwenye nyumba ya nne. Sikumwamsha.

Ya nne sikuipeleka.

Inahusu karani wa mji mdogo anayeanza kusahauliwa. Siku ya kwanza ni muuza chai, anamsalimia kama mgeni. Kisha jirani, kisha wenzake ofisini. Hakuna ugonjwa, hakuna uchawi, hakuna anayeeleza sababu. Sentensi ni fupi na tulivu, kama mtu anayepanga vyombo kabatini, na ndiyo maana inatisha kuliko maiti zote za hotelini. Wiki niliyoisoma nilitega sikio nisikie naitwaje. Wateja waliniita fundi, na kanisani waliniita mzee. Jina langu mwenyewe sikulisikia mpaka Jumapili, Butiama.

Niliogopa kuipeleka kwa sababu nilijua kaka angeuliza nyayo zimeishia wapi, na humo nyayo hazina mwizi. Niliogopa pia kwamba angeelewa. Nikawa nasema, Jumapili ijayo. Kisha kidonda cha mguu wake kikakataa kupona, kwa kuwa ana sukari, na binti yake aliyeolewa Morogoro akaja na mume wake kumchukua ili akatibiwe huko na kukaa naye.

"Baba mdogo, atakuwa anakuja," binti aliniambia. Wote tuliokuwa pale tulijua ule mguu.

Niliwasindikiza mpaka Bunda. Hapo tairi likaishiwa upepo, wakaenda kulizibisha, mimi na kaka tukabaki kwenye mgahawa wa chai. Mguu wake tuliuegemeza kwenye kiti kingine. Alishushia chapati kwa funda la chai, akanitazama.

"Umenyamaza wiki ya ngapi hii? Vitabu vimeisha Musoma?"

Ndipo nikaanza ile ya nne. Niliisimulia vibaya, kwa haraka, huku nikitazama barabarani. Muuza chai, jirani, ofisi. Nikafika pale karani anapokwenda kwa dada yake wa tumbo moja, anabisha hodi, dada anafungua na kumwambia kwa upole, "Nikusaidie nini?"

Gari likapiga honi. Mimi na mkwe wake tukamwinua kaka, kila mmoja upande wake. Alipokwisha kukaa akashusha kioo. "Hujamaliza," alisema. Wakaondoka kuelekea Mwanza, nami nikarudi Musoma.

Jumapili ya kwanza bila yeye nilitoka misani nikasimama nje bila kujua miguu iende wapi. Mchana simu ikalia.

"Yule dada yake alimfanyaje?"

Nikamwambia dada alimkaribisha kama mgeni, akampa chai na mkate.

"Halafu?"

"Halafu mtandao wako mbaya. Jumapili."

Mtandao haukuwa mbaya. Sura zilizobaki zilikuwa chache, na nilikuwa nimeona jambo ambalo karani wa kitabuni hakuwa nalo: maadamu sijamaliza, kuna mtu atakayepiga simu. Jumapili iliyofuata nilimpa safari ya karani kwenda kituo cha basi. Iliyofuata, mvua. Kitabuni mvua ina mistari miwili, mimi niliinyeshesha mpaka salio la kaka likaisha. Kisha nikaingiza mbuzi.

"Huyo mbuzi juzi hakuwepo," kaka alisema.

"Alikuwa nyuma ya nyumba."

Nikasikia televisheni ya Morogoro na wajukuu wakigombana.

"Mdogo wangu, hicho kitabu kinene kiasi gani?"

"Si kinene."

"Mbona hakiishi?" Hakungoja jibu. "Unanificha ng'ombe. Nyayo zimeingia kwako siku nyingi. Onyesha zilipotokea, ama lipa. Mimi nitapigaga tu, hata ukimaliza. Huku nina kazi gani nyingine?"

Basi nikamwonyesha. Karani anapanda basi na kushuka katika kijiji ambacho hajawahi kufika, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumjua, kwa hiyo hakuna anayeweza kumsahau. Mama mmoja mlangoni kwake anamuuliza, "Wewe ni nani?" Ni swali lililomwumiza kitabu kizima, ila mara hii ni salamu. Kitabu kinaishia hapo, kabla hajajibu. Kwa maoni yangu ni mwisho bora kuliko yote niliyosoma mwaka huu, nami nilikuwa nimeuzungushia mvua na mbuzi.

Nilisubiri kaka aseme mwandishi ni mwizi.

"Huyo mama," akasema, "alipouliza alikuwa amesimama au amekaa?"

"Kitabu hakisemi."

"Kingesema. Mtu akikuuliza amesimama, anataka upite zako. Akikuuliza amekaa, anataka jibu refu." Akakohoa. "Umeshanunua kingine?"

Sikuwa nimenunua. Tangu Bunda nilikuwa sijafika sokoni, na hilo nilimwambia.

"Nenda. Na safari hii chenye maiti."

Simu ilipokatika chumba kilirudi kama kilivyokuwa, kiti kimoja na sauti ya ziwa. Najua kwamba simu za Jumapili nazo zitakuwa na mwisho wake, na kwamba ukurasa huo sitaweza kuuchelewesha kwa mbuzi.

Kesho yake nilikwenda sokoni. Nilichagua riwaya moja yenye jalada lililochanika, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na maiti bafuni. Muuzaji akaipokea, akaifuta vumbi kwa kiganja, akauliza kama kawaida yake, "Fundi, kile cha mwisho kilikuwaje?"

Jibu la "si kibaya" lilikuwa tayari ulimini. Nikamtazama kwanza. Alikuwa amekaa.