Makaa ya Mkwe

Miaka ishirini na miwili Batma alichochea tanuri la shule ya kijiji chetu cha milimani, Kochkor, na nani asiyejua? Waliosoma pale sasa wana watoto wao, na bado wakikutana naye njiani wanamwita Mama Tanuri. Wala hakasiriki. Alikuwa akiingia kwenye chumba cha tanuri kabla jua halijachomoza, anatupa sepetu baada ya sepetu, na kengele ya kwanza ikilia madarasa yamekwisha kupata joto. Makaa ya mawe aliyajua. Ukimpa bonge mkononi alikwambia papo hapo kama ni kavu au limenyeshewa, na kama ndani yake kuna makaa au kuna jiwe tupu.

Sasa sikia kioja. Mwanamke huyu huyu, nyumbani kwake, alitetemeka kwa baridi miaka miwili mfululizo, analala na koti, maji yanaganda ndooni hatua nne tu kutoka kwenye jiko. Kisa? Adabu! Marehemu mumewe, Omurzak, alikuwa akinunua makaa kwa Tentimish, na Tentimish ni baba wa Aizirek, mkazamwana wao. Kwetu mkwe ni mkwe. Anakalishwa pale mbali na mlango, anapewa kipande kinono, na bidhaa yake haipekuliwi. Kuvunja bonge la makaa ya mkwe ili ulichungulie ndani ni kumwita mwizi mbele za watu. Basi Omurzak alikuwa akipokea lori, anashukuru, anamwaga uani. Batma aliyaona mawe ya kijivu yaliyochanganywa humo, akaliona vumbi, akaona jinsi makaa yalivyomwagiwa maji ili yang'ae na kuongeza uzito, akanyamaza. Alinyamaza mpaka kifua kikamuwaka, maana jiko lenyewe halikuwaka.

Mwaka huu Omurzak hayupo, Mungu amlaze pema. Maksat, mwana wao, yuko Urusi kibaruani. Aizirek ana mimba, na mtoto anatarajiwa katikati ya Novemba, baridi inapoanza kung'ata kweli kweli. Mtoto mchanga hukaa ndani siku arobaini, hatolewi, na chumba cha kukaa naye kwao ni kimoja tu, kile chenye jiko.

"Mjukuu wangu hatalala kwenye baridi ile," Batma alijiapiza. "Hata kama mkwe ataninunia mpaka kiyama."

Mapema Oktoba akatia nyundo mkobani, akaenda kwa miguu hadi kwenye uwanja wa makaa wa Tentimish, kando ya barabara kuu.

"Mkwe!" Tentimish alimlaki mikono wazi. Lilikuwa pande la mtu, kofia ya sufu nyeupe kichwani, sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. "Umekuja mwenyewe? Si ungeagiza tu, nikakuletea kama kawaida?"

"Nimekuja kuchagua makaa."

"Kuchagua?" Akacheka, na wapakiaji wake wakacheka. "Mkwe, haya si vitambaa vya dukani. Meusi ni meusi!"

"Ungechochea tanuri japo siku moja usingesema hivyo."

Akainama, akaokota bonge. Lilikuwa limelowa, na mvua haijanyesha siku tisa. Zito ajabu. Mkono wake ukaingia mkobani, ukaishika nyundo. Wapakiaji wakaacha kazi, wakatazama. Uso wa Tentimish ukawa mwekundu kama nyama mbichi.

Batma akamfikiria Aizirek na tumbo lake. Akilivunja hapa mbele ya vibarua, ugomvi wa wakwe utamwangukia binti huyo, na wakati wenyewe ndio huu. Akautoa mkono mtupu.

"Nijazie ndoo mbili tu za haya," akasema. "Na kesho mchana uje unywe chai kwangu. Binti yako amekukumbuka."

"Ndoo mbili? Za nini?"

"Za kukuchemshia chai, mkwe."

Aizirek aliposikia, akashika kiuno. "Mama, unataka kufanya nini? Baba atakasirika."

"Akasirike akiwa ameshiba."

Kesho yake Batma alifanya kazi kwa haki, hilo mtu asimsingizie. Alikuwa amekwisha kupangusa dohani, akazoa majivu yote, akatanguliza vijiti vikavu na samadi kavu, akapanga yale makaa kama alivyokuwa akiyapanga shuleni, akawasha saa mbili nzima kabla mgeni hajafika. Ujuzi wake wote aliutia mle. Makaa yakafoka kama paka, yakatoa moshi wa manjano, yakalala.

Tentimish akaja. Batma akampokea koti, akalitundika mbali, kama mgeni wa heshima anavyofanyiwa. Akamkalisha mahali pa heshima. Akaandaa maandazi, malai, jamu ya aprikoti, chai ya maziwa, na kondoo aliyechemshwa, kipande cha kwanza kwa mkwe.

Wakala. Tentimish akasugua mikono. Akalikumbatia bakuli la chai kwa viganja vyote viwili. Akala tena, na kabla hajafika nusu ya nyama yake, mafuta yalikuwa yameganda meupe kwenye sahani.

"Mkwe," akasema mwishowe, "jiko lako lina kasoro. Dohani imeziba."

"Nimeipangusa jana. Ngazi iko nje, panda utazame."

"Basi labda hukuwasha vizuri."

Aizirek akashindwa kujizuia, kicheko kikampasuka. "Baba! Unamwambia Mama Tanuri hajui kuwasha?"

Batma hakucheka. Alivuta sahani ya majivu kutoka chini ya jiko, akaiweka sakafuni mbele ya mgeni. Mawe ya kijivu yalikuwa yamelala humo mazima, kama yalivyoingia.

"Mkwe," akasema taratibu, "hapo ulipokaa ndipo tutakapotandika godoro la mtoto. Siku arobaini."

Tentimish akayatazama mawe. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amevaa koti ndani ya nyumba, koti lisilofungika tena kwa ajili ya tumbo. Akaomba koti lake, akaondoka.

"Umemwaibisha baba yangu," Aizirek akasema, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo. Na roho inaniuma, mwanangu, usidhani hainiumi. Lakini sirudi nyuma. Asipoleta ya maana, nitanunua kwa mwingine, na kijiji kizima kiseme kinachotaka."

Siku mbili zikapita. Batma hakupata usingizi, alijuta, akajikemea kwa kujuta. Asubuhi ya tatu lori likanguruma langoni. Tentimish mwenyewe akashuka, hana tabasamu.

"Haya ni ya nyumbani kwangu," akasema. "Kutoka mgodi wa Kara-Keche. Nilijiwekea mimi."

Batma akalisogelea lori.

"Nyundo yako iko wapi?" Tentimish akauliza. "Siku ile niliiona mkobani, usidhani sikuiona. Ilete. Vunja."

"Mkwe..."

"Vunja, nimesema! Mbele yangu."

Akaileta. Akachagua bonge la chini kabisa, akaligonga. Likapasuka safi, kavu, jeusi linalong'aa mpaka moyoni, jiwe hata la kutupia kuku hakuna. Akavunja la pili. Lilikuwa hivyo hivyo.

"Bado huniamini?"

"Nakuamini. Ila hili la tatu ni la Omurzak," Batma akasema. "Alivumilia miaka miwili bila kuvunja hata moja." Akalipiga kwa nguvu zake zote, na Tentimish akavua kofia, akasimama nayo mkononi mpaka vipande vikatulia.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mwenye mapafu ya mnadi sokoni. Siku ya arobaini, siku ya kumwogesha kwa vijiko arobaini vya maji, nje theluji ilifika dirishani na jiko lilikuwa jekundu ubavuni. Tentimish alikaa pale pale pa heshima. Alivua koti, akavua sweta, akafungua shingo ya shati, jasho likimtiririka masikioni.

"Mkwe," akalalamika, "nakuomba, fungua japo dirisha kidogo!"

Batma alikuwa amemshika mtoto mikononi, mtoto yu uchi, anamwagiwa kijiko cha kumi na saba, wala hatetemeki.

"Vumilia, mkwe," akasema. "Bado vijiko ishirini na vitatu."