Kitabu Alichopewa Nukta

Vijana ndio waliombandika jina la Mama Rafu. Kulikuwa na utani ndani yake: alisimamia rafu za vitabu vyao, na pia alijua kucheza rafu. Ukirudisha kitabu kimekunjwa kurasa, alikuchamba mpaka wasoma magazeti wa chumba cha pili wakageuza shingo. Mbele yao alijifanya kununa, lakini jina alilipenda.

Alikuwa na miaka kumi na saba katika maktaba ya manispaa, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumia kwenye chumba cha vijana, ghorofa ya kwanza, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi. Rafu sita, meza nne, feni moja iliyozunguka kwa manung'uniko. Shahada hakuwa nayo. Alianza kazi kwa kugonga mihuri. Ila kwa kumpa kijana kitabu kinachomfaa, hakuna aliyemfikia. Hakuwauliza wanapenda kusoma nini, maana kijana ukimuuliza hivyo atakwambia "chochote." Aliwauliza, "Wiki hii umeudhiwa na nini?" Aliyeudhiwa na kaka zake wanaomdharau alipewa hadithi ya kitinda mimba aliyedandia meli ya mizigo. Aliyeudhiwa na hesabu alipewa maisha ya fundi saa aliyefeli shule. Wakija kurudisha, walikuja na ubishi wa nusu saa, naye hakuna alichokifurahia kama huo ubishi.

Kati yao alikuwepo msichana wa miaka kumi na minne, mtoto wa msimamizi wa ghala. Muda wa kufunga ukifika, wenzake wakikimbilia ngazi, yeye aliinua kidole bila kuinua macho: "Subiri mama, nifike kwenye nukta." Basi akaitwa Nukta. Alisoma vitabu vinene, akavirudisha safi kama alivyovichukua. Na kwa mwaka mzima, kila alipoulizwa ameudhiwa na nini, jibu lilikuwa "Hamna."

Siku moja alijibu tofauti. "Mlango wangu hauna komeo," alisema.

Mama Rafu akaacha kupanga kadi. "Nani anaingia?"

Nukta akaitazama feni. "Nipe kitabu tu, mama."

Mama Rafu alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alikijua kitabu: riwaya ya msichana aliyesumbuliwa na mtu mzima wa nyumbani kwao, akakaa kimya miaka, mpaka siku aliyolisema jambo hilo mbele ya watu wote. Alijua pia kwamba angeweza kumkalisha mtoto chini, au kumtafuta mama yake, au kwenda ofisi ya ustawi wa jamii, ng'ambo ya barabara. Lakini kitabu ndicho alichokizoea. Akakigonga muhuri, akampa.

Ijumaa yake, familia ikiwa mezani nyumbani kwao, Nukta aliweka kijiko chini akasema, "Baba mdogo akiingia tena chumbani kwangu, mimi nahama nyumba hii."

Baba mdogo alikuwa amehamia kwao baada ya kuachana na mkewe. Alikuwa mcheshi, kipenzi cha kila mtu. Akacheka. "Huyu ameshaanza kusoma riwaya," alisema, na wote wakaling'ang'ania neno hilo kama mtu anayezama anavyong'ang'ania jani. Hakuna aliyemuuliza anaingia chumbani kwa mtoto kufanya nini. Walimuuliza Nukta kitabu amekitoa wapi.

Jumatatu asubuhi Mama Rafu aliitwa ofisini kwa mkutubi mkuu, kijana msomi aliyeogopa barua za malalamiko kuliko moto. Baba yake Nukta alikuwa ameshakaa, kitabu kiko magotini.

"Ndiye huyu?" aliuliza, salamu hakuna.

"Karibu, baba," alisema Mama Rafu.

"Wewe una watoto?"

"Sijajaliwa."

"Ndiyo maana." Akamgeukia mkutubi mkuu. "Mtoto wangu amemvunjia heshima mdogo wangu mbele ya familia, kwa sababu ya uchafu huu."

"Umemuuliza mtoto?" alisema Mama Rafu.

"Nimemuuliza. Kasema umempa wewe."

"Sisemi kitabu, baba. Nasema mlango."

Macho ya yule baba yalikimbilia dirishani, na Mama Rafu akajua kwamba ameelewa vizuri sana. Kisha yule baba akaurudisha uso wake kama ulivyokuwa. "Nataka jibu la maandishi," alimwambia mkutubi mkuu, akaondoka.

"Mama, ungeomba radhi tu yakaisha," mkutubi mkuu alilalamika.

"Yaishe kwa nani?"

Mchana ule ule alivuka barabara, akaandikisha maelezo kwa afisa wa ustawi. Afisa alikwenda nyumbani kwa akina Nukta mara moja tu. Baba mdogo ndiye aliyemfungulia mlango, akamkaribisha soda, akamchekesha. Nukta aliulizwa sebuleni, baba yake amekaa kushoto, baba yake mdogo kulia. Alisema hamna kitu. Jalada likafungwa.

Kabla ya mwisho wa mwezi barua ya uhamisho ilitoka, "kwa kuboresha huduma." Mama Rafu akapelekwa stoo ya magazeti ya zamani, chini ya ngazi, kazi yake kuyafunga kwa kamba mwaka baada ya mwaka. Kitabu kile kiliondolewa, na vingine kumi na vinne pamoja nacho, ambavyo hakuna aliyevisoma kabla ya kuviondoa. Rafu zikajazwa mitihani iliyopita.

Miezi mitano baadaye mwanamke mmoja aliteremka stoo na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na riwaya nyingine nene ya maktaba.

"Nimeikuta chini ya godoro lake," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Mama Rafu akamsogezea kiti. "Nukta yuko wapi?"

"Kwa shangazi yake, mbali. Baba yake aliamua."

"Anasoma?"

"Shangazi ana watoto wadogo watatu. Binti anamsaidia kuwalea." Alisita. "Kule ana chumba chenye komeo."

"Na shemeji yako?"

"Yupo nyumbani."

"Kwa hiyo aliyehama ni mtoto."

"Ndiye aliyehama." Mama yake Nukta akaitoa riwaya, akaanza kuukunja mfuko mtupu, akaukunja mpaka ukabaki mdogo kama kiberiti. "Mimi huo mlango nilikuwa nausikia. Hata kabla hujampa kitabu."

Mama Rafu alipandwa na hasira. "Ukanyamaza?"

"Wewe mwenyewe alikwambia," mama alijibu taratibu. "Ukampa cha kusoma."

Mama Rafu aliivuta riwaya, akaiweka juu ya furushi la magazeti. Walikaa pale, wanawake wawili watu wazima, kila mmoja akijua kwamba lile jambo zito walimwachia mtoto alibebe peke yake hadi mezani.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi redio. Yule bwana akaweka bisibisi chini. "Angalau yuko mbali na yule mtu," alisema.

"Ndiyo," alijibu Mama Rafu. Aliendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Alibakiza miaka minne kustaafu. Mara mojamoja kijana aliyemkumbuka alichungulia stoo, akamwomba amtajie kitabu kizuri. Majina yalimjia yote, na pale kila kitabu kilipokuwa kikikaa. Akainamia kamba zake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Waulize wa juu."