Dua Gerejini

Naona haya hata kuandika. Miaka ya tisini baba alikuwa na gari la Kimarekani, jekundu, la milango miwili, injini yake ya silinda nane ikinguruma hata likiwa limesimama. Maharusi wengi wa Mji wa Kale walipelekwa kwa wake zao ndani ya gari lile. Alipostaafu bandarini aliliegesha uani kwetu Tononoka, na kutu ikatafuna bodi mpaka ukiketi unauona mchanga chini ya miguu yako. Siku moja akanikabidhi ufunguo.

"Lifufue, mwanangu. Nataka kulipanda tena kabla sijafa."

Nikamjibu inshallah. Ilikuwa inshallah ya mdomoni, ile tunayoitoa tukishakataa moyoni.

Fundi wa Makadara aliibonyeza bodi kwa kidole, kidole kikatoboa. Akanieleza kwamba kulitengeneza ni kazi ya mwaka mzima. Lakini alijua jingine la aina ileile, jeusi, bodi safi, injini imekufa. Nilinunue, tulitie injini ya baba, na bodi nyekundu ichukuliwe na wanunuzi wa vyuma. Mimi nilitaka kuonekana mjini Idi ya mwaka ule ule, si ya mwakani. Nikalinunua, na baba sikumwambia kitu.

Siku moja baada ya alasiri, baba akaja gerejini bila taarifa. Kanzu imepigwa pasi, mkono mmoja birika la kahawa, mwingine halua ya mafundi. Injini yake ilikuwa ikining'inia kwenye mnyororo juu ya gari jeusi, na bodi nyekundu ingali ukutani ikingoja wanunuzi wa vyuma.

"Mwaiosha, siyo?"

"Twaiosha, baba."

"Na hili jeusi la nani?"

"La mteja," nikasema. Fundi akajitia kutafuta spana.

Baba akatandika gazeti, akaweka halua, akasema kazi haianzi bila Fatiha. Tukainua mikono yetu ya grisi. Akaliombea gari lake, akaniombea na mimi niliyeacha shughuli zangu kwa ajili yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani amemaliza, kumbe bado. Akaweka kiganja juu ya boneti ya lile jeusi.

"Na mwenye gari hili, yarabi, mtilie baraka. Mruzuku mwana kama huyu wangu."

Mimi nikaitikia amina, tena kwa sauti, ili baba asikie.