Niliamsha core mbili zilizozimwa kwenye prosesa, mama mkwe wa Iringa akaniandikia "imechemka"

Wakuu, heshima kwenu. Wanaostahili shikamoo nawapa, waliobaki mambo.

Ninachosimulia kimenikuta mimi mwenyewe mwezi wa saba, kati ya Mbeya na Iringa. Sijaongeza chumvi hata punje. Kama kuna mwanakwaya wa kule anapita humu na amenitambua, naomba acheke kimya kimya.

Na mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la mapenzi. Ni uzi wa tech kabisa, vumilieni mtaona.

Mimi niko Mbalizi. Nanunua desktop za mtumba, nasafisha, naunganisha, nauza. Siku hiyo nikapata moja ina prosesa ya zamani, dual core, yaani core mbili tu, vichwa viwili vya kufanya kazi. Kuingia BIOS, kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, nikakuta kipengele cha kuamsha core zilizozimwa.

Kwa wasiojua: kuna prosesa zilitengenezwa na core nne, halafu kiwandani mbili zikazimwa, zikauzwa kama dual core. Ni kama umepanga nyumba ya vyumba vinne, viwili vimepigwa kufuli. Inawezekana ni vizima kabisa. Inawezekana kimoja paa linavuja, ndiyo maana kikafungwa. Hujui mpaka ufungue.

Nikafungua.

Wakuu, mashine ikawaka, nikaangalia: core NNE. Nilitoka nje nikaruka ruka peke yangu. Jirani yangu Gwamaka, fundi simu, akaniuliza, "Gwe, umeokota nini?" Nikamwambia nimeokota prosesa ndani ya prosesa.

Nikaweka programu ya kupima joto. Nikaitesa mashine kwa kazi nzito. Joto linasoma digrii sita.

Sita!

Sasa hapa ndipo mnicheke. Mtu mwenye akili angejiuliza. Lakini wanaoijua Mbeya mwezi wa saba wanajua asubuhi unavyoongea na moshi unatoka mdomoni. Mimi nikajipiga kifua: hii ndiyo Mbeya bwana, watu wa Dar wananunua feni za taa taa, sisi tuna feni ya Mungu. Nikafunga boksi hivyo hivyo. Sikubadilisha pasti inayopitisha joto juu ya prosesa, sikugusa feni, ile ile ndogo iliyokuja na dual core.

Tuendelee.

Nina mchumba Iringa, tumwite Upendo. Yeye ndiye mhariri wa video za kwaya ya kanisani kwao, na laptop yake ilikuwa imeshazeeka, ukigusa tu inaganda. Kwaya walikuwa na uzinduzi wa video yao Jumapili, na mwenyekiti wa kwaya ni mama yake Upendo mwenyewe.

Na mshenga wangu alikuwa ameshafika kwao. Jibu alilopewa ni hili: "Tuache kwanza uzinduzi upite, ndipo tutasema neno."

Mnaelewa nilivyokuwa? Ndoa yangu ilikuwa nyuma ya video ya kwaya. Video isipotoka, nitamwangalia nani usoni?

Basi nikaituma ile mashine kwa basi, zawadi. Upendo akapiga simu anacheka, anasema inakimbia balaa. Nikawa najisikia mtu kati ya watu.

Ijumaa mchana Upendo akaiacha ina-render video yote, yaani inaiunganisha iwe faili moja, akaenda mazoezini. Simu yake huwa anaizima wakiimba. Nyumbani akabaki mama.

Ikaingia meseji ya mama:

"Kamwene mwanangu. Hii mashine yako imechemka sana."

Nyie mnajua mtaani kuchemka ni nini. Mtu amefeli, ameboronga, amechemka. Nikajua mama ananiambia kistaarabu kwamba zawadi yangu ni takataka. Labda imeganda, labda video imetoka mbovu.

Na mimi kwa yule mama nilikuwa na adabu ya kupitiliza. Salamu nachuchumaa, simu naongea nimesimama. Nitaanzaje kumhoji? Nikajibu kwa unyenyekevu wote:

"Nisamehe sana mama. Msiizime, iacheni hivyo hivyo, itamaliza tu."

Akajibu: "Haya mwanangu. Basi nimeifunika."

Nikamwonyesha Gwamaka ile meseji nataka faraja. Akasoma, akanitazama.

"Huyu mama ana umri gani?"

"Anakaribia sitini."

"Mwenyekiti wa kwaya, umri huo, ndiye akuambie *umechemka* kama kijana wa stendi?"

"Sasa anamaanisha nini?"

"Si anamaanisha imechemka! Kama chai!"

Kabla sijajibu ikaingia picha. Wakuu, boksi la mashine liko juu ya meza, limevalishwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia makochi. Juu ya kitambaa kuna shali la sufu la mama, limezungushwa mpaka nyuma kwenye feni, limepigwa na fundo. Chini kaandika: "Kitu kikitoka jasho hakipigwi na upepo wa huku. Ila naona kama inanuka plastiki."

Akili ikaniruka. Digrii sita! Prosesa inayofanya kazi haiwezi kuwa na baridi kuliko chumba ilichomo. Kumbe core zikiamshwa kwenye prosesa za aina ile, kipimo cha joto cha core kinapoteza kazi, kinasoma maajabu. Mashine ilikuwa inaungua na inaniambia iko salama.

Nikapiga simu. Akapokea kwa upole, "Kamwene..."

"MAMA CHOMOA WAYA!"

"Mwanangu, hata salamu?"

"Mama salamu baadaye! Toa hilo shali! Chomoa waya ukutani sasa hivi!"

"Unanifokea mimi?"

"NDIYO MAMA! CHOMOA!"

Nikasikia kiti kimeburuzwa. Nikasikia "mh". Halafu simu ikakatwa.

Gwamaka alikuwa amekaa chini anafuta machozi ya kucheka. Nimemfokea mama mkwe mtarajiwa, nimemwamrisha, na bado sijui kama video imepona. Nilijiona nimeshaachwa.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi la kwanza, nina tyubu ya pasti, brashi na feni kubwa kwenye begi. Njia nzima napanga maneno ya kuomba radhi, nayafuta, napanga tena.

Nilipofika, Upendo alinipokea amebana mdomo asicheke. Mama akaitikia salamu yangu kwa kifupi, akaniwekea chai, akaenda kukaa na mgongo kwangu. Sikuthubutu kuigusa ile chai.

Waya nikaukuta umechomolewa. Nikafungua mashine. Pasti imekauka kama ukoko wa ugali. Manyoya ya shali yamejaa kwenye feni. Kapasita moja karibu na prosesa imeanza kuvimba kichwa. Kama ingeendelea kidogo, sijui tungeongea nini leo.

Nikasafisha, nikapaka pasti mpya, nikafunga feni kubwa. Kisha nikaingia BIOS nikazilaza zile core mbili zilale salama. Kipimo kikarudiwa na akili, kikaanza kusoma namba za kweli. Faili za Upendo zote zilikuwepo, kilichopotea ni ile render tu.

Tukaanza upya na core mbili. Polepole kama konokono, lakini jioni ile ile ikakamilika. Mama alikuja mwenyewe kuangalia, akajiona amesimama mstari wa mbele anaimba, akaondoka. Ila nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Jumapili uzinduzi ukafana. Watu walisimama, vigelegele, ukumbi mzima ulikuwa unacheza. Mimi nimejificha nyuma.

Baadaye nyumbani kwao nikaitwa sebuleni na mshenga wangu. Baba wa Upendo akasema neno litasemwa na mama. Nikainamisha kichwa.

Mama akasema: "Mimi ndiye niliyekuwa nazuia. Kila nikimwambia kijana huyu kitu, ndiyo mama, ndiyo mama. Nikajiuliza, mtu asiye na sauti atamlindaje mwanangu? Juzi nimeisikia sauti yake. Nimeisikia mpaka sikio la pili. Mchukue. Ila mimi usinifokee tena."

Wakuu, sebule nzima ilicheka mpaka baba akakohoa. Upendo alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa khanga. Mimi nilijibu nini? "Ndiyo mama." Basi wakacheka upya.

Funzo kwa wana tech: ukiamsha core zilizozimwa, usiamini kipimo cha joto kinachokusifia. Badili pasti, weka feni ya maana, pima kwa kazi nzito kwa muda mrefu, na ukiwa na kazi ya mtu isiyorudiwa usithubutu kabisa. Itumie mashine kama ilivyouzwa. Na boksi la kompyuta halivalishwi, hata kama kitambaa kimefumwa na nani.

Funzo kwa makapera sina. Msijaribu njia yangu, feni yangu ilikuwa Mungu tu.

Walioamsha core na zikadumu, njooni mseme mlitumia board gani. Na kama kuna mwingine humu amewahi kumfokea mama mkwe akapewa mke, ajitokeze, nisiwe peke yangu.