Mutale Alivyokataa Kuungama

Mutale alizaliwa karibu na mto Naviundu, kabla mji wa Élisabethville haujafika huko. Aliolewa na Adalbert, mtu wa kaskazini aliyefanya kazi ya reli, wakahamia mtaa uliokuwa umezunguka misheni moja ndogo ya Waprotestanti. Katika mtaa ule pombe ilikatazwa, ngoma ilikatazwa, na tumbako pia. Munkoyo, kile kinywaji kitamu cha unga wa mahindi na mizizi, kiliruhusiwa ikiwa hakijachachuka. Mutale alikipika vizuri. Jumapili baada ya ibada alikaa nje ya kanisa na chungu chake, na watoto walimzunguka mpaka kinaisha.

Mwaka wa 1936, wakati wa kiangazi, surua iliingia mtaani. Watoto wengi walikufa. Mmoja wao alikuwa Edouard, mtoto wa Wivine, mke wa fundi seremala. Wivine alikaa siku nyingi bila kutoka nyumbani. Kisha akaeleza ndoto yake mbele ya wanawake wenzake: alimwona Mutale akikoroga chungu, na sauti ya Edouard ikitoka ndani ya mvuke.

Pasta mzungu alikuwa amekwenda kwao likizo. Kanisa lilibaki mikononi mwa wazee, na mkubwa wao alikuwa Dominique, mtu mpole, aliyependwa. Waliposikia ndoto ile hawakuanza na Mutale, maana alikuwa na mume. Walianza na Musonda, mjane aliyemsaidia kuponda mizizi ya munkoyo. Walimwita kanisani Jumamosi baada ya Jumamosi, wakamfungia mlango, wakamuuliza neno lile lile, kama yeye ni mchawi, wakaomba, wakamuuliza tena. Mwishoni Musonda alisema ndiyo, yeye ni mulozi. Wakamwekea mikono kichwani, wakaimba, wakampa chakula. Walipomuuliza nani alimfundisha, alimtaja Mutale.

Basi Mutale akaitwa. Alienda amevaa nguo yake ya Jumapili.

“Mama Mutale,” Dominique alisema, “ule mutoto Edouard alikunywa munkoyo yako?”

“Alikunywa. Na batoto yangu pia balikunywa.”

“Batoto yako balipona.”

“Balipona. Mumoja angali anakohoa.”

“Hatutaki kukufukuza, mama. Musonda aliungama, na leo iko dada yetu. Ungama na weye.”

“Sikuua muntu, baba. Nitaungama nini?”

Walimrudisha mara kadhaa, na kila mara alijibu hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Nyumbani Adalbert alimngoja mlangoni. Alikuwa amechoka. Kazini walianza kumtazama vibaya.

“Sema tu ndiyo, Mama Kalaba,” alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. “Ni neno moja. Batakuombea, maneno itaisha.”

“Nikisema ndiyo, basi ni miye niliua bale batoto. Wivine atalala akijua ni miye. Na Kalaba atakomaa akijua mama yake ni mulozi.”

“Na tukifukuzwa?”

“Tutafukuzwa.”

Adalbert aliingia ndani. Alikasirika, na hasira yake ilikaa muda mrefu.

Mutale akatengwa na kanisa. Hakuna aliyempiga. Wanawake waliacha tu kumwamkia, na alipotoka kuchota maji bombani, aliyemfuata aliosha bomba kwanza kabla ya kuweka ndoo yake. Kaka yake alimshauri apeleke mashtaka serikalini. Hakwenda. Alijua serikali ingesema ulozi hauko duniani, na yeye hakuhitaji kuambiwa hivyo. Alitaka watu wa mtaa wake waseme kwamba yeye si mulozi.

Walihamia Naviundu, kwa ndugu zake. Alilima mboga za lengalenga na mihogo kando ya mto. Adalbert aliendelea kwenda kanisani peke yake kwa baiskeli, mpaka alipoona kwamba benchi lake kila mara linabaki tupu pande zote mbili. Hapo akaacha. Siku ile alichukua jembe akaenda kumsaidia mke wake shambani.

Miaka ikapita, na vita vya Wazungu vikaisha. Siku moja Dominique alikuja Naviundu, mvi kichwani, akapewa kiti.

“Kanisa imekusamehe, mama,” alisema. “Unaweza kurudi.”

“Imenisamehe nini?”

Dominique alikunywa maji aliyopewa, akaaga.

Lakini Musonda naye hakuwa na raha. Waliomsamehe hawakusahau. Binti yake Agnès alichumbiwa, na wakwe walipouliza habari za mama, wakarudi nyuma. Ilipotokea mara ya pili, Musonda alisimama kanisani Jumapili moja bila kuitwa na mtu. Alikuwa amemtumia Mutale habari, naye Mutale alikuja, akakaa nyuma pamoja na Adalbert.

“Nilisema bongo, haikuwa kweli,” Musonda alisema. “Miye sikuwa mulozi, na Mama Mutale hakunifundisha kitu. Nilichoka na kuulizwa. Nilisikia njaa.”

Dominique alisimama. “Tumwombee dada yetu. Alitudanganya, na sisi tukaamini.”

Mutale naye alisimama pale nyuma. “Hakubadanganya, baba. Mulimuuliza mupaka akasema.”

Dominique alishika ukingo wa meza. Watu walidhani atakaa.

“Ni kweli,” alisema. “Tulimuuliza mupaka akasema. Na weye tulikukosea.”

Wivine alitoka nje kabla ya wimbo wa mwisho.

Mutale hakurudi kukaa mtaa ule, ila alianza tena kusali pale, na Adalbert alikwenda naye. Mwaka uliofuata Agnès aliolewa na mwashi kutoka upande wa Kinsevere. Musonda alimwomba Mutale asimamie upishi wa bukari, ule ugali wa arusi. Watu wengi walikula. Wachache, na Wivine kati yao, walisema wamekwisha kula nyumbani. Mutale aliwaona, akaendelea kupakua.